Visabuni Arobaini na Kimoja

Ubishi wa Jumanne ile ulianzishwa na redio. Mama mmoja mtaalamu, mwenye sauti ya mtu aliyekula vizuri, aliwaambia wasikilizaji kwamba sabuni na mafuta ya kujipaka vimepanda bei, na kwamba familia yenye akili sasa inabana. Tyubu ya dawa ya meno ikatwe kwa mkasi ikwanguliwe. Sabuni ya maji iongezwe maji. Sabuni ya mche ikatwe vipande, ikaushwe juani kabla ya kutumika, isiyeyuke haraka. Redio ni ya Ketrina, anayetuuzia kahawa na tangawizi mbele ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akaizima redio ili kubana betri.

Zamani habari kama hii angeichukua Raphaeli, na jioni ingeuzunguka mtaa ikiwa imenenepa mara tatu. Raphaeli tulimzika mwezi wa tatu. Nafasi yake pale mwisho wa benchi bado hatuikalii, na yaliyosemwa siku ile nayaandika mimi kwa sababu sina mdomo wake.

Wa kwanza kujisifu alikuwa Masumbuko, mbadilisha fedha, tunayemwita Kwacha. Alisema yeye alishaanza kubana kabla redio haijajua, kwani sabuni ya unga hununua Nakonde, ambako ni nafuu. Ambilikile akamkatiza. Huyu ni karani wa wakala wa forodha, na tunamwita Manifesti kwa sababu hawezi kusikia jambo bila kudai orodha yake. Akamtaka Kwacha ataje yote: bodaboda ya kwenda, chipsi za kusubiri jua lipungue, soda, bodaboda ya kurudi na sabuni mgongoni. Kwacha akajibu kwamba soda haihusiani na sabuni.

"Kwa hiyo ile soda ulikunywa kama nani?" Manifesti akauliza.

"Kama mgeni wa Zambia. Mgeni anakaribishwa."

"Umekaribishwa na nani?"

"Nimejikaribisha. Wewe unataka nikae nchi ya watu koo limekauka?"

Manifesti mwenyewe hakuwa msafi. Ketrina alitukumbusha kwamba sabuni ya maji nyumbani kwake imeongezwa maji mpaka wageni wakinawa wanauliza sabuni iko wapi, na mkewe huwajibu kuwa wameshanawa nayo. Kisha Ketrina akaweka birika chini, jambo analolifanya akitaka kutusema wote kwa pamoja.

"Nyie wanaume mkianza kubana mnaanzia kwenye mafuta ya mke," alisema. "Mwezi wa saba huu, upepo huu, mwanamke anapauka kama amelala kwenye saruji, nawe unamwambia habari ya bajeti. Mbona sijaona bia ikikatwa vipande ikaanikwa juani?"

Tulikunywa kahawa. Kwacha akaanza kuhesabu noti ambazo alikuwa ameshazihesabu.

Hapo ndipo Sadoki alipofika. Sadoki ni fundi wa maturubai ya malori, mkono wake ni mzuri, hakosi kazi, na jina lake kijiweni ni Nusu Bei. Kahawa huagiza nusu kikombe, halafu humwomba Ketrina aijazie maji ya moto kwa kuwa maji hayauzwi. Nyumbani kwake mche wa sabuni hukatwa kwa uzi, kila mtu na kipande chake cha wiki. Vipande vilivyoisha na kubaki kama ukucha huvifinyanga pamoja vikawa tonge moja la rangi nne, na hilo tonge ndilo la wageni. Mafuta ya kujipaka ana sheria yake aliyowahi kutueleza bila aibu: yanapakwa uso, shingo na mikono mpaka kwenye viwiko. Sehemu iliyofunikwa na nguo haionwi na mtu, basi haidai mafuta.

Siku ile hakuagiza hata nusu. Aliketi, akavua kofia, akaivaa tena. Ketrina akamuuliza kama anaumwa.

Alitueleza kwa shida, na nitayafupisha. Siku nne zilizopita mke wake, Dina, alikuwa akitafuta sindano ya kushonea, akafungua sanduku la vifaa la mumewe. Ndani akakuta mfuko wenye visabuni vya gesti, vile vidogo vya kufungwa kwenye karatasi, arobaini na kimoja. Chini yake ndala za gesti. Akachukua simu ya mumewe, akakuta jina limeandikwa Rose Gesti, limepigiwa mara nyingi kuliko jina lake. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao Ileje.

"Na leo anakuja na baba yake mdogo," Sadoki alisema. "Wamesema wanataka kuwauliza ninyi, kwa kuwa ndio mnaokaa na mimi kutwa. Ikionekana ninalala gesti na wanawake, Dina harudi. Baba mdogo wake ameshasema hivyo."

Kwacha akamuuliza, kwa upole wa mtu anayetamani habari iwe kweli, kama huyo Rose ni mzuri.

Sadoki akaapa kwamba Rosemary ni mhudumu tu. Madereva hulipia chumba, ikitokea karatasi za mzigo zimetoka hapohapo wanaondoka mbio, na kisabuni kinabaki bila kufunguliwa. Rosemary humuuzia kwa shilingi mia. Dukani kipande cha sabuni ya kuogea ni bei gani, sisi wenyewe tunajua. Ndala nazo ni za vyumba ambamo ndala moja ya jozi imekatika. Alificha sandukuni kwa sababu watu wa nyumbani wakiona sabuni nyingi wanaoga ovyo.

Manifesti alithibitisha habari ya madereva, kwa kuwa yeye ndiye anayewapelekea hizo karatasi. Lakini akasema kesi bado ni ngumu. Mtu akikutwa na visabuni arobaini na kimoja vya gesti, maelezo yanayokuja kichwani kwanza siyo biashara.

"Una utetezi mmoja tu," alimwambia. "Tuwaeleze ubahili wako. Wote, kuanzia mwanzo, bila kuficha."

Sadoki alikunja uso. Alisema yeye si bahili, yeye ana mpango.

"Basi tutawaeleza mpango wako."

"Mbele ya mkwe wangu?"

Kwacha akaona njia nyepesi. Alimshauri akubali tu kwamba alikuwa na mwanamke. Uzinzi una taratibu zake, unaombewa msamaha, wazee wameuzoea. Bahili hana hata pa kuombea. "Utatozwa mbuzi, mtakula, yatakwisha."

Sadoki akainua kichwa.

"Mbuzi mzima?" aliuliza.

Manifesti akatutazama mmoja mmoja, akasema kesi tumeshinda kabla haijaanza.

Walifika saa tano. Mzee Fanueli, huyo baba mdogo, alikuwa amevaa koti zito la baridi ya Ileje, na Dina kitenge kipya ambacho, kwa jinsi Sadoki alivyokitazama, hakukinunua yeye. Tulisimama, tukatoa shikamoo zetu. Mzee akazipokea kwa zamu, akaenda kuketi mwisho wa benchi, kwenye nafasi ya Raphaeli. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwinua.

Dina hakuketi. Alimimina mfuko juu ya meza ya Ketrina, visabuni vikatawanyika kati ya vikombe. Karatasi zake ni za kijani, zimeandikwa Gesti ya Pumziko, na chini yake, kwa herufi za kupinda, Karibu Tena.

"Amekaribishwa mara arobaini na moja," Dina alisema. "Hiyo ni kwa sabuni anazotunza. Zile alizoogea huko sizijui."

Kisha akaweka ndala juu ya visabuni. Ya kushoto ilikuwa na namba saba kwa rangi nyeupe. Ya kulia ilikuwa na namba kumi na mbili.

Mzee Fanueli aliinama akazisoma. "Vyumba viwili?"

"Kwa usiku mmoja, baba," Kwacha akadakia, akakanyagwa mguu na Ketrina.

Tukatoa ushahidi. Ketrina alieleza habari ya nusu kikombe na maji ya bure. Manifesti alieleza jinsi Sadoki alivyosafiri naye mpaka Itaka kushona turubai, wakapata chumba cha bei ndogo kabisa, na Sadoki akalala juu ya turubai lenyewe akisema chumba ni anasa ya mtu asiyekuwa na turubai. "Mtu huyo, mzee, ndiye anayesemwa amelipia chumba mara arobaini. Mimi naijua mifuko yake. Hailipi." Sadoki alikuwa akitazama viatu vyake. Kila shahidi aliyemwokoa alimfanya awe mfupi zaidi.

Mzee Fanueli akanigeukia mimi, akasema huyu hajazungumza.

Sikutaka. Lakini Dina alikuwa akinitazama, na jambo nililolijua lilikuwa kweli. Nikasema kwamba kwenye msiba wa Raphaeli, mwezi wa tatu, mimi ndiye niliyekuwa nikipokea vitu vya mchango. Wengine walileta mchele, wengine mkaa. Sadoki alileta visabuni sita kama hivi, vya watu kunawia kabla ya kula. Nikiwa navipeleka kwenye karai, nilisimama nusu njia, nikavifungua karatasi zote nikazitia mfukoni, mjane asije akanawa mikono kwenye msiba wa mumewe huku akisoma karibu tena.

Sadoki akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakufikiria.

"Kwa hiyo vilikuwapo tangu mwezi wa tatu," Mzee Fanueli alisema. Alikuwa mtu wa kushika jambo moja asiliachie. "Sasa nataka kumsikia huyo Rose. Mpigie, uweke sauti ya nje."

Sadoki alibonyeza simu, ikaita mara moja, akaikata. Mzee akauliza mbona amekata. Tukamwambia ndivyo anavyopiga. Baada ya dakika mbili simu ikalia, na sauti ya mwanamke mwenye haraka ikajaa kijiweni.

"Sadoki, leo vipo tisa. Na usianze zile habari zako za kununua tisa upewe cha kumi bure, maana nimeshachoka. Hutaki, nampa mama wa chapati."

Akakata yeye.

Kwacha aliguna tu. Manifesti alifunga mikono kifuani kama wakili. Mzee Fanueli alicheka kidogo ndani ya koti lake, kisha akasimama akatoa hukumu: mkwewe hana mwanamke, hana gesti, hana kosa. Akamwambia Dina afungashe vile visabuni aende nyumbani na mumewe, ili yeye mzee awahi gari la kurudi Ileje. Niliona visabuni vitatu vikiingia kwenye mfuko wa koti. Mzee naye anayo nyumba.

Dina hakufungasha kitu.

"Baba mdogo," alisema, "nilipodhani kuna mwanamke nililia, lakini nilijua pa kushika. Ungemkemea, angemwacha, yangeisha. Sasa hapa unamwambia amwache nani?"

Mzee akatazama visabuni vilivyobaki mezani.

"Miaka sita najipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Kwa mama nimejipaka mpaka kwenye nyayo, nikalala kama watu." Akamgeukia mumewe, na hakupandisha sauti. "Noah ya Itumba, gari la kwetu Ileje, ile pale. Imebakiza watu watatu, na sisi ni wawili. Nenda dukani kwa Tukuswiga, uninunulie chupa kubwa ya losheni kwa bei atakayotaja. Usiombe apunguze hata shilingi. Ukiniletea kabla gari halijajaa, nashuka, nakwenda kuleta mtoto kesho, tunaishi."

Duka la Tukuswiga liko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini. Sadoki alikimbia. Dina na baba yake mdogo wakaenda kuketi garini. Sisi tulisimama wote, hata Ketrina, kama watu wanaotazama penalti.

Tulimwona Tukuswiga akishusha chupa kubwa. Alitaja bei. Sadoki akafungua mdomo, akaufunga. Akatia mkono mfukoni, noti zikatoka nusu. Kisha akaigeuza chupa akaangalia kitako chake.

"Usiulize, mwanangu," Kwacha alisema taratibu, mbali na masikio yake. "Lipa tu. Usiulize."

Akauliza. Tukuswiga akatikisa kichwa. Basi Sadoki akafanya kile ambacho sote tunakifanya sokoni tangu utotoni: aliweka chupa juu ya kaunta, akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni, polepole, akisubiri kuitwa. Hatua ya tatu ilimfikisha kwenye kizingiti. Aliiona Noah. Mama mmoja mwenye furushi la maharage alikuwa akipandisha mguu, kondakta akiushika mlango. Nyuma ya Sadoki, Tukuswiga akaita.

Akarudi ndani.

Alipotoka na chupa yake, penye Noah palikuwa na vumbi. Alivuka barabara bila kuangalia malori, akasimama mbele yetu akiwa ameikumbatia ile losheni.

"Amepunguza mia tano," alisema.

Ketrina aligeuka akaanza kuosha vikombe. Manifesti ndiye aliyepata akili: akampigia mluzi bodaboda, akamwambia Sadoki kwamba gari lazima lisimame Mpemba, akipanda sasa hivi analikuta. Bodaboda akaja, akageuza pikipiki ikitazama njia ya Mpemba, akataja elfu tatu.

Sadoki akaanza na elfu moja.

Kwacha alichukua mfuko wake wa noti akaenda mpakani. Manifesti akakumbuka ana karatasi za dereva. Nami niliondoka. Nilipogeuka mara ya mwisho, mwenye bodaboda, anayemfahamu Sadoki kwa miaka mingi, alikuwa amezima injini.