Vita vya Mkia Uliofunga Mlango wa Gari

Sogeeni! Mliosimama mlangoni ingieni, mlioketi bananeni, mwenye simu aizime, na aliyefuata umbea asione haya, maana hata mimi ndio ulionileta. Nawaletea habari ya tendo ambalo mababu wangelisikia wangekufa tena kwa wivu. Wengine waliteka miji. Wengine walivuka majangwa na kurudi na ngamia wa watu. Huyu wetu, mwenye makucha ya sponji na kichwa cha magazeti na gundi, alikabili fundo. Naam, fundo la kamba. Na fundo likashindwa.

Shujaa huyo jina lake la vitani ni Mti. Alilipata kwa haki. Alipojiunga na kikundi cha michezo ya watoto alipewa kuwa mti, akasimama misimu na misimu mikono juu, ndege wa karatasi wamebandikwa vidoleni, wala hakuna aliyepata kuulalamikia mti wake, ingawa pia hakuna aliyepata kuuona. Kisha simba wa zamani akaoa, mkewe akamwambia achague kati ya ndoa na mkia, naye akachagua ndoa, masikini. Ndipo Mti akapandishwa cheo akawa Simba. Wenzake waliendelea kumwita Mti, ili asivimbe kichwa.

Jeshi lake lilikuwa la watu wanne na gari moja, na gari ndilo lililokuwa gonjwa kupita wote. Amiri wao, Mkurugenzi, ndiye msimuliaji wa jukwaani, mvaa tai nyekundu hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa. Alibeba mawazo tu, kwa kuwa maboksi yalimwumiza mgongo. Mama Mavazi alishona kila kitu na kuigiza Kobe, na kwa vile pini hazikumtoka mdomoni, maneno yake yote yalitoka yakichoma. Wa mwisho Dereva, mpiga ngoma, muumini wa itikadi kwamba hakuna kibovu duniani ambacho kamba haiwezi kukiponya.

Waliishi kama waishivyo mashujaa wote: katika gesti zenye taulo moja kwa chumba, wakianika soksi kwenye kioo cha gari, wakila wima, wakiamka bila kujua wako mji gani mpaka wasome kibao cha duka la jirani. Asubuhi simba, mchana simba, jioni kufua jasho la simba. Nao walikuwa na sheria moja iliyopita sheria zote: kichwa kikishavaliwa hakivuliwi mahali ambapo jicho la mtoto linaweza kufika. "Mtoto akiona shingo ya mtu chini ya kichwa cha simba," alisema Mkurugenzi, akijirekebisha tai, "amezeeka siku hiyohiyo."

Sasa tegeni sikio, msije mkasema nawapotezea muda kwa habari za kamba. Mti alikuwa na binti wa Darasa la Pili, aliyekaa kwa bibi yake kwa kuwa barabara hailei mtoto. Alipenda kusema, wakamwita Chiriku. Na Chiriku aliitangazia shule kwamba baba yake ni simba. Darasani mwao alikuwemo msichana mmoja, Kidomo, mwenye ulimi ambao watu wazima wangeukodi kwa kesi za mirathi.

"Baba yako simba?" akasema Kidomo. "Basi mimi mama yangu helikopta."

Darasa zima likacheka, na jioni ile simu ya bibi ikapigwa mpaka ikapata moto.

"Baba, wewe ni simba au si simba?"

"Ni simba, mama."

"Basi mkija kwetu uvue kichwa, Kidomo akuone."

"Kichwa hakivuliwi, mama. Lakini sikiliza. Nikishaingia nitageuka upande wako, nikupungie mkia mara mbili. Wewe tu, mtu mwingine hapati. Waambie kabisa kabla sijafika."

"Na ukisahau?"

"Simba hasahau."

Akawaambia. Aliwaambia Darasa la Pili, akawaambia la Tatu, akamwambia mlinzi wa geti, na mpishi wa shule, ambaye ndiye aliyenipa mimi habari hizi. Mpishi huyo haongezi chumvi isipokuwa kwenye sufuria. Kwa ufupi, heshima yote ya mtoto yule ilining'inia kwenye mkia.

Siku ikafika. Jeshi liliingia mjini asubuhi ileile, likapewa kambi katika stoo ya vifaa vya michezo, kati ya mipira iliyokwisha upepo na nyavu zenye harufu ya miguu ya mwaka jana. Mama Mavazi akamvalisha shujaa manyoya, akapandisha zipu ya mgongoni isiyofikiwa na mkono wa mwenyewe, akamshonea makucha kwenye mikono ya vazi yasije yakadondoka, akamtwika kichwa. Kisha akanyoosha mkono kwenye begi achukue mkia, ambao hupachikwa mwisho. Mkono ukarudi mtupu.

"Mkia uko wapi?"

Akalipindua begi, akalikung'uta.

"Si nauliza? Mkia uko wapi?"

Dereva akaitazama dari. Mtu akitazama dari isiyo na kitu, jueni yeye ana kitu.

"Dada, usikasirike."

"Nikasirike kwa lipi?"

"Kitasa cha mlango wa nyuma kilikatika alfajiri, kwenye yale mashimo. Nikatafuta kamba, sikuona kamba. Nikaona mkia."

"Umefungia gari mkia wa simba!"

"Na umeshika!" akasema Dereva kwa fahari ya kweli. "Umeshona mkia wa kuaminika, dada. Vitu vya mchezo huu nimevitoa kwa mlango wa ubavuni, kule nyuma ni vya mchezo wa mchana. Sikutaka kuusumbua."

Ni kweli mkia ule ulikuwa wa kuaminika. Ndani yake mlikuwa na kamba nene ya katani, kwa sababu mwisho wa mchezo Simba hutumbukia shimoni na watoto wote humvuta kwa mkia mpaka atoke. Kwa hiyo kuukata haikuwezekana. Dereva alipoutaja mkasi, Mama Mavazi alimtazama shingo.

Papo hapo Mwalimu Mkuu akachungulia. "Watoto wamekaa. Tuanze, maana baada yenu kuna hesabu." Na wanaoanza mchezo ni ngoma, msimuliaji na Kobe. Aliyebaki na nafasi mpaka mwisho wa wimbo wa tatu ni mmoja tu, naye hakuwa na vidole.

"Toka hivyohivyo," akasema Mkurugenzi. "Watoto hawahesabu mikia."

Hapo Mti akasimama katikati ya mipira, akainua kucha, akanena: "Enyi ndugu zangu wa jukwaa! Nimekuwa mti, nikastahimili. Nimelala juu ya maboksi, nikastahimili. Nimevaa kichwa hiki chenye jasho la simba aliyenitangulia, na sikuuliza kama kimeoshwa. Lakini mstari wa mbele yuko mtu aliyenunuliwa soksi mpya kwa ajili ya leo, na mtu huyo nimemwahidi mkia. Nitautwaa, au nianguke pale uani, na gari lile liwe kaburi langu!"

Ndivyo alivyonena. Lakini kwa kuwa alinenea ndani ya magazeti na gundi, wenzake walisikia, "Mmh mhu mmh mkia."

"Anasema anaenda," akatafsiri Mama Mavazi.

"Fundo hilo usilivute, Mti," akanong'ona Dereva akiikimbilia ngoma yake. "Lisukume lirudi ndani, ndipo litalegea. Ukilivuta, umekwisha."

Basi Simba akatoka uani peke yake, jua likimchoma, kichwa kikiyumba, akauona uwanja wa vita. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya madirisha ya watoto wa chekechea, ambao walihesabiwa wadogo mno kwa mchezo, na ambao wote, pua zao zimebanwa kwenye vioo, walikuwa wakimtazama yeye. Kuvua kichwa, haramu. Kurudi, aibu. Na pale kwenye mlango wa nyuma lilikaa fundo lenyewe, limenenepa, limekunywa vumbi na dizeli ya barabara nzima, limekazwa na kila shimo kati ya mji ule na huu, limetulia kama karani anayejua huna pa kwenda.

Mti akalivuta.

Bila shaka alilivuta! Tangu lini shujaa akafuata ushauri? Alilivuta kwa kucha la kulia, akalivuta kwa la kushoto, akaegemeza mguu kwenye bamba la gari akalivuta kwa ukoo wake mzima, na fundo likashukuru kwa kuzidi kujikaza. Ndani ya bwalo wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukafika mwisho, na Dereva, aliyejua dhambi yake, akaurudia kutoka mwanzo.

"Watoto, mnamsikia Simba?" akapaza sauti Mkurugenzi.

"Hatumsikiiii!"

"Yuko njiani!"

"Alisema hivyohivyo mwanzo," akasema Kidomo, kwa sauti iliyokusudiwa kufika. "Chiriku, baba yako kapanda helikopta ya mama yangu, au nini?"

Chiriku hakujibu. Nasema tena ili mwelewe ukubwa wa jambo: Chiriku, hakujibu. Alivuta soksi zake juu, akaukazia macho mlango.

Huko uani sponji ilikuwa imechanika na tumaini limeanza kuvuja. Ndipo Mti akakumbuka kwamba ndani ya mdomo wa simba mna mdomo wa mtu. Akapiga magoti nyuma ya gari, akalisukuma lile fundo lirudi ndani kama alivyoagizwa (haya, amesikia), akajibandika kwenye mlango, akapitisha fundo katikati ya meno ya kadibodi mpaka akalikuta kwa meno aliyopewa na mamaye. Akauma. Ladha ya dizeli, mpishi ananiambia, ilionekana mpaka mabegani. Akatikisa kichwa kulia, akatikisa kushoto, akanguruma, na safari hii hakuigiza. Jino moja la kadibodi likakatika likaruka, na chekechea yote ikapiga yowe moja lililopita kuta zote:

"Simba anakula gariiii!"

Yowe hilo liliingia bwaloni kama habari za fumanizi. Watoto mia mbili wakageuza shingo. Mkurugenzi, ambaye hajawahi kuacha fursa ipite bila kuidai kuwa yake, akasema, "Mnaona? Si niliwaambia?"

Na fundo likalegea. Kwanza uzi, kisha kitanzi, kisha mkia wote ukateleza kinywani mwa mwenyewe, na mlango, uliokuwa ukingoja hilo tangu alfajiri, ukafunguka wote. Likaanguka jua. Ukafuata mwezi. Yakamwagika mawingu na mvua ya karatasi, na nyuma ya vyote, kwa mwendo wa jamaa asiyealikwa, ukaanguka mti, ule mti wake wa zamani, ukamkumbatia shingoni, ukataka kumrudisha nyumbani. Mti akaupiga teke mti. Akapita juu ya jua na mwezi, mkia umening'inia mdomoni, akakimbia.

Mlangoni akamkuta Kobe, aliyetoka jukwaani kwa mwendo ambao hakuna kobe aliyewahi kuufikia.

"Geuka! Inama! Mungu wangu, unanuka kama gereji."

"Mmh mhu."

"Nyamaza nisije nikakuchoma." Pini zikamtoka mdomoni moja baada ya moja zikaingia mahali pake, na moja, kwa ajili ya kumbukumbu, ikaingia mahali pa Mti. Kwa hiyo ule mngurumo alioingia nao bwaloni, ambao Mwalimu Mkuu aliusifu kuwa wa kitaalamu, tuuache hivyo.

Aliingia. Alikuwa na jino pungufu, kucha limetoka utumbo, nyota ya karatasi imemganda sikioni, na mkia mweusi kuliko alivyokusudia aliyeushona. Watoto hawakucheka. Huyu alikuwa ametoka kula gari. Akatembea mpaka katikati, akageuka upande wa mstari wa mbele, akakipinda kiuno kile kilichofundishwa misimu yote kisitikisike. Akapunga mkia. Mara moja.

Darasa la Pili likahesabu: moja.

Akapunga mara ya pili.

Chiriku hakupiga makofi wala hakuruka. Alikunja mikono kifuani, akageuka polepole, akamtazama Kidomo kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Na Kidomo, ambaye historia haikupata kurekodi akikosa neno, akasogea kidogo kwenye benchi ampe nafasi.

"Huwa anakula magari kila siku?" akauliza kwa adabu.

"Akiwa na njaa," akasema Chiriku.

Ilipofika zamu ya kumvuta shimoni, Chiriku ndiye aliyewekwa mbele, karibu kabisa na manyoya, na aliposhika mkia aliinama akanong'ona, "Baba, unanuka dizeli." Na kutoka ndani ya kichwa, mbali sana, ikajibu sauti ambayo safari hii ilieleweka: "Najua, mama. Vuta."

Baadaye ikapigwa kengele ya hesabu, kwa kuwa ufalme hauzuii hesabu, na jeshi likawa linangojwa na mji mwingine mchana uleule. Jua na mwezi vikarudishwa garini. Mlango ukagoma kufunga. Dereva akatafuta kamba, hakuona kamba. Macho yake yakapanda polepole mpaka kifuani kwa Mkurugenzi.

"Hapana," akasema Mkurugenzi.

"Ni nyekundu, bosi. Hata trafiki watatuona."

Wakaondoka mlango umefungwa tai. Watoto wakaruhusiwa kutoka kuaga, wakakimbia pembeni ya gari wakiita "Simba! Simba!" na kumpita pasipo kumtazama yule bwana mwembamba aliyeketi kati ya maboksi, shati limelowa, mdomo mweusi. Chiriku naye hakumwita. Sheria ni sheria. Alisimama getini na soksi zake, kimya, mara ya pili siku hiyo. Ndipo dirishani ukachomoza mkia peke yake, ukaning'inia kidogo juu ya barabara, ukapunga mara moja, ukapunga mara ya pili, na gari likakata kona.

Basi wafalme na wakae na miji yao waliyoiteka. Hadi jua linatua mji ule ulikuwa umekwisha kuafikiana kwamba simba alikula gari zima na tairi akatema, na aliyesimulia kwa uhakika kuliko wote, akiapa kwa jina la mama yake helikopta, alikuwa Kidomo.