Shule ya Mwanafunzi Mmoja, Takoma Park

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Huru! Mama ametia saini barua ya kaunti ya kunitoa shule; huku Marekani inaruhusiwa. Mimi, Nehemiah, miaka kumi na sita, si mwanafunzi wa mtu tena. Nitajisomea nyumbani, nitakacho, saa nitakayo. Sharti moja: Jumapili ya wiki ijayo nionyeshe nilichojifunza, la sivyo narudi darasani. Binamu yangu Clement, bingwa wa kupata A, kacheka hadi akapaliwa. Atajua hajui.

Jumanne, 6
Nimeamka saa nne. Nikachora ratiba kwa rangi tano. Kazi ngumu, jamani! Nikalala.

Jumatano, 7
Nimepanda Metro hadi mwisho wa reli. Jiografia. Nikaenda mwisho wa upande wa pili. Jiografia tena. Situlii, miguu inawasha. Kinachonikwamisha nimekijua: sina kompyuta.

Alhamisi, 8
Nina akili mimi! Watanzania wa kanisani ukiwaitia kikao lazima wachange. Harusi wanachanga, msiba wanachanga. Kompyuta moja itawashinda? Nimembembeleza Mama aitishe kikao cha elimu yangu. Kakubali upesi mno. Ajabu kidogo.

Jumamosi, 10
Watu tisa, mandazi, soda, mwenyekiti, katibu. Nikaeleza kiu yangu ya elimu. Mama Euphrasia wa kanisani kalia. Nikajua kompyuta hiyo! Wapi! Mzee Laurean, dereva wa ubalozi, zamani mwalimu mkuu kule Bukoba, akasema vitu huharibika, elimu haiharibiki. Tuchange muda wetu. Makofi! Kamati ya elimu yangu ikaundwa papo hapo. Yeye kachukua hisabati, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kazi. Dada Anna, muuguzi, biolojia akitoka zamu. Mama Euphrasia, usafi. Na kiranja ni Clement. Clement!

Jumatatu, 12
Mstarini, sebuleni. Mwanafunzi ni mmoja, lakini Mzee Laurean kaita majina. Nikachelewa kuitika, nikarudishwa mlangoni. Kucha zikakaguliwa. Clement kaniandika kwenye orodha ya wapiga kelele. Niko peke yangu! Nimepiga kelele na nani?

Alhamisi, 15
Nimemwangukia Mama miguuni: nirudishe shule, nimechoka, karibu nilie. Kasema hana uwezo, suala liko mikononi mwa kamati. Basi. Jumapili nitafeli makusudi.

Jumapili, 18
Swali la kwanza, mifupa ya mkono. Nikanyamaza. Kamati ikaguna. Mambo yanakwenda vizuri. Mara Clement akatabasamu, akanyoosha kidole ajibu yeye. Aku! Mbele ya Mama yangu? Nikaitaja mifupa yote. Nikakokotoa milinganyo. Nikaeleza hadi namna ya kufua kola. Nimepata tisini na nane. Clement mwenyewe kapiga makofi, mnafiki.

Kamati imefurahi sana. Imeongeza muda hadi Juni, na Jumamosi pia. Mama kalia kwa furaha. Mimi nimelia tu.

Lakini sijakata tamaa. Kosa lilikuwa dogo: neno kompyuta halikuwemo kwenye ajenda. Kesho namwomba Mama aitishe kikao kingine.