Tone Lililoingia Jicho la Mama Mkwe

Wekeni vikombe chini, enyi mliokaa na mliosimama, niwasimulie siku ambayo Kinyozi, Bwana wa Wembe, Mfyekaji wa Ndevu Sugu, alimshinda mama mkwe wake kwa tone moja la dawa.

Mama huyo, Malkia wa Cherehani, alikuwa ametiwa katika jicho la kulia kioo cha mbele cha jicho la marehemu asiyemjua. Nanyi jueni kwamba mwili una askari wa kinga, majeshi yasiyosikia la mtu, ambayo yakiona mgeni huteketeza kwanza na kuuliza baadaye. Lakini jicho ni jumba la vioo, na vita vikipiganwa humo hakibaki kitu. Kwa hiyo limejijengea kuta za kuwazuia askari. Wanaopenya hunong'onezwa watue silaha, na wabishi huamriwa wafe, wakafa. Ndiyo maana mgeni yule alipokelewa. Ila daktari alionya kuwa upasuaji umeitikisa amani ile, na bila matone askari wangevamia, kioo kikaingia ukungu, na jicho likapotea.

Nesi aliyemtilia dawa kila siku alikuwa amesafiri. Chupa ilipokaribia, Malkia alifumba jicho na kufumbua mdomo, na asubuhi nzima dawa ikawa imetibu shavu, sikio na kola ya gauni. Binti yake alishindwa, akaenda jikoni kulia. Kinyozi naye aliogopa, kwani uso wa mama mkwe hakuwahi hata kuutazama sawasawa.

Akapiga magoti, akahutubia: "Mama, mimi mwanao uliyenipa binti yako, nakusihi mbele ya cherehani hii, usiwaache askari wako wakuunguzie nyumba."

"Umesema vizuri, baba," akajibu Malkia. "Lakini hilo dude lako silitaki. Nenda kanyoe watu."

Ndipo Kinyozi alipokumbuka jinsi mafundi wa nguo wanavyotunga uzi. Akampa sindano na uzi kwa unyenyekevu wa kinafiki, akidai kifungo cha shati lake kimelegea. Malkia akasonya, akaiinua sindano juu kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho la kushoto, akakodoa la kulia.

Tone likashuka.

Malkia akapepesa, na mkwe akajiandaa kutukanwa. "Baba," akasema taratibu, "tundu naliona." Na uzi ukapita.

Wanahistoria na waiandike siku hiyo kwa wino wa dhahabu, jinsi binti alivyotoka jikoni akicheka na machozi yangali mashavuni, na jinsi Malkia alivyonyoosha mkono kudai shati. Kinyozi akageukia ukuta, akachomoa wembe, na kwa siri kuu akakikata kifungo kilichokuwa kimekaza vizuri kabisa.