Shimo Rasmi la Uumbaji

Ilitangazwa madhabahuni siku ya Jumapili, baada ya matoleo na kabla ya baraka, kwamba kanisa limeanzisha Idara ya Utunzaji wa Uumbaji, na kwamba kuanzia saa hiyo misitu, mito, ndege wa angani na samaki wa baharini watakuwa chini ya uangalizi wa Mchungaji Mwenyekiti. Waumini wakapiga makofi. Mchungaji Mwenyekiti alisimama, akapunga mkono kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekabidhiwa dunia akaona mbona si nzito sana.

Kwenye benchi la nyuma alikaa mama mmoja aliyeficha kucha zake ndani ya kitenge, maana zilikuwa na udongo. Alikuwa mtunza bustani wa kanisa kwa miaka kumi na minne. Watu walimwita Mama Miche, hata wale waliolijua jina lake. Wiki hiyo alipewa barua iliyosema kwamba yeye si mtunza bustani tena, bali ni Afisa Msaidizi wa Uoto, Daraja la Nne. Jembe lilibaki lilelile.

Mumewe, fundi mwashi ambaye goti lilikuwa limemstaafisha mapema, aliisoma barua mara mbili.

"Hao wa daraja la kwanza mpaka la tatu ni akina nani?"

"Hawajaajiriwa bado."

"Basi wewe ndiye mkubwa wa uoto wote."

"Kula, baba, chakula kinapoa."

Idara ilizinduliwa kwa kupanda mti. Mgeni rasmi alivikwa glavu nyeupe, akashikishwa mche wa mwarobaini, akautia kwenye shimo lililochimbwa mbele ya ofisi, mahali ambapo picha hutoka vizuri kwa sababu jua linatokea upande wa barabara. Wiki iliyofuata akaja mgeni mwingine, naye akataka kupanda. Sehemu nyingine zote za ua zilikuwa zimewekwa zege kwa ajili ya magari. Katibu wa Idara, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na mhuri kiunoni, akatoa waraka. Waraka ulieleza kwamba shimo lililopo limepandishwa hadhi kuwa Shimo Rasmi, na kwamba kila mgeni atakapoondoka, mche wake utaondolewa kwa heshima ili kumpisha mgeni anayefuata.

Mama Miche alikwenda ofisini na waraka mkononi.

"Katibu, mche ukishaondolewa, niupeleke wapi?"

"Unapostahili."

"Unastahili wapi?"

Katibu aliupitia waraka wake upya, akageuza hata upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu. "Mama, sera haiingii huko. Wewe utajua."

Basi akajua. Nyuma ya kanisa palikuwa na mteremko ambao kwa miaka mingi ulikuwa jalala: mabenchi yaliyovunjika miguu, makopo ya rangi, vipande vya tofali, spika ya kwaya iliyokufa siku ya harusi. Mama Miche alizoa takataka kidogo kidogo, akachimba, akapanda. Mwarobaini wa mgeni wa kwanza, mvule wa mgeni wa pili, mparachichi wa mke wa mgeni wa tatu, ambaye hakutaka kupitwa. Maji aliyachota kwenye ndoo za kuoshea vyombo vya jikoni la kanisa, yale ya mwisho yasiyo na sabuni. Akimwagilia alikuwa akiongea na Mungu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mwenye nyumba. "Bwana, hivi ni vyako. Mimi nimeshika ndoo tu."

Mumewe alikuja siku moja akichechemea, akakaa juu ya tofali.

"Hakuna aliyekutuma."

"Najua."

"Na hakuna atakayekushukuru."

"Hilo nalo najua. Hebu nishikie huu usilale."

Akaushika. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumanne na Ijumaa, akidai kwamba goti linahitaji mazoezi.

Miaka mitatu ikapita. Idara ilikua kwa kasi, kwenye karatasi. Wageni waliopanda walikuwa mia mbili na kumi na saba, lakini Katibu aligundua kwamba hesabu ya mgeni mmoja mti mmoja inaudhalilisha utumishi. Mgeni aliyekuja na msafara alihesabiwa kwa idadi ya magari. Watoto wa shule ya Jumapili walipochora miti, michoro ikaingizwa. Kisha kulikuwa na kundi la miti iliyopandwa mioyoni, ambayo Katibu aliikadiria mwenyewe kwa kuangalia nyuso za waumini wakati wa mahubiri. Taarifa ya mwaka wa tatu iliyopelekwa makao makuu ilitaja miti elfu tisa mia sita na arobaini, "yote ikiwa katika hali nzuri ya kiafya."

Kwa mafanikio kama hayo, Idara ikaona haifai kuendelea kukaa kwenye chumba cha kubadilishia majoho. Ikaamuliwa ijengewe jengo la ghorofa mbili. Eneo likatafutwa, likapatikana: mteremko wa nyuma ya kanisa, ambao kwenye ramani ya Katibu uliandikwa "jalala lenye vichaka." Mama Miche akapewa panga jipya na barua nyingine. Vichaka viwe vimeondolewa ifikapo Ijumaa.

Safari hii hakwenda kwa Katibu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Mwenyekiti, akamkuta chini ya feni anachagua rangi ya mazulia.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, Mama Miche. Karibu. Hili la kijani, au hili la kijani zaidi?"

"Baba, nimekuja kuhusu ule mteremko. Ile si vichaka. Ni miti. Ndiyo ile ya wageni."

"Nzuri sana. Imefanya kazi yake, tunaishukuru."

"Nimeitunza miaka mitatu. Mingine inanipita urefu."

Mchungaji Mwenyekiti aliweka sampuli chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na subira, na alimwangalia kwa huruma kama anavyoangaliwa mtu asiyesoma. "Mama, uumbaji hauwezi kutunzwa bila ofisi. Nani atautunza? Kwa kukaa wapi?"

"Adamu alipewa bustani, Baba. Sijasikia kwamba alipewa ofisi."

"Na mwisho wake unaujua," alisema Mchungaji Mwenyekiti. "Usimamizi haukuwepo."

Mama Miche aliaga. Alitoka, akapanda mteremko na panga lake. Alisimama mbele ya mvule wa mgeni wa pili, akaushika shina kwa mkono mmoja na kuinua panga kwa mwingine. Ndege mdogo akaruka juu, hakwenda mbali, akatua tawi la jirani akisubiri amalize upuuzi wake. Mkono ukamshuka. Akachomeka panga ardhini, akarudi nyumbani.

"Kesho kutwa watanifukuza kazi," akamwambia mumewe.

Mzee alinyoosha goti lake polepole. "Umekata mingapi?"

"Hata mmoja."

"Basi hujafanya kosa. Tutakula mchicha."

Alhamisi asubuhi ikaja barua iliyomtoa Katibu jasho mpaka kalamu zikavuja. Makao makuu yalikuwa yamefurahishwa mno na miti elfu tisa mia sita na arobaini, na yalikuwa yanamtuma Mkaguzi kesho yake kuja kuiona. Si kuisoma. Kuiona.

Kikao cha dharura kikakaa. Katibu akapendekeza kuazima maua ya vyungu kwa mpambaji wa harusi. Mchungaji Mwenyekiti akauliza kama taarifa inaweza kusomeka "mbegu" badala ya "miti," kwani mbegu huwa ziko ardhini na mtu mwenye imani haombi kuziona. Wakaafikiana kufanya yote mawili. Habari za vichaka zikasahaulika kabisa.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa zamani, mwenye viatu vya mpira na daftari la shule. Alikataa soda, akakataa kiti cha mbele, akaomba aonyeshwe miti. Wakampeleka kwenye Shimo Rasmi. Mama Miche alikuwa amesimama pale na ndoo, kama alivyoagizwa.

"Huu ni mmoja," alisema Mkaguzi.

"Ni wa mfano," alisema Katibu.

"Na ile mingine?"

Katibu aliangalia vyungu vya harusi. Mchungaji Mwenyekiti aliangalia mbinguni, ambako kwa kawaida alikuwa na msaada. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye ndoo.

"Mingine iko nyuma, Mama," alisema Mama Miche. "Angalia tu pale penye vipande vya tofali, panateleza."

Wakapanda. Hapo ndipo Mchungaji Mwenyekiti alipofika mara ya kwanza kwenye eneo la jengo lake. Palikuwa na kivuli. Palikuwa na nyuki, na harufu ya udongo uliomwagiliwa, na miti imejipanga kuufuata mteremko ili mvua isiuchukue. Mkaguzi alihesabu taratibu, akigusa kila shina, akajumlisha na ule wa Shimo Rasmi. Mia mbili na kumi na saba. Akafunga daftari, na sauti yake ikalainika.

"Nimekagua vituo vingi. Sijawahi kukuta kitu kama hiki. Hii ni kazi ya nani?"

Mdomo wa Mchungaji Mwenyekiti ulifika kabla ya yeye mwenyewe. "Ni yangu," alisema. "Kwa neema ya Bwana. Nimeipanda kwa mikono yangu hii, mmoja mmoja."

"Wewe mwenyewe? Kumwagilia nako?"

"Alfajiri. Kabla ya sala."

"Mimi ni shahidi," aliongeza Katibu. "Mara nyingine namsaidia kubeba maji."

Mkaguzi aliitazama mikono ya Mchungaji Mwenyekiti, laini kama mkate wa asubuhi. Kisha akaitazama ya Mama Miche. "Mama, ni kweli anayosema?"

Mama Miche aliikumbuka miaka mitatu ya ndoo. Lakini aliona pia jambo moja, wazi kabisa: mtu hawezi kukata saa nane msitu aliojisifia saa sita. Akatazama chini.

"Mchungaji wetu husimama madhabahuni kila Jumapili, Mama," alisema. "Akisema kitu, mimi ni nani nimwambie siyo?"

Mkaguzi alimwangalia kitambo, akafungua tena daftari, akaandika kwa muda mrefu.

Barua ya makao makuu ilifika baada ya wiki mbili, ikasomwa madhabahuni, maana Katibu aliona ina mihuri mizuri akaagiza isomwe kabla hajaimaliza. Ilimpongeza Mchungaji Mwenyekiti kwa maneno ambayo kwa kawaida hutunzwa kwa ajili ya marehemu. Iliagiza mteremko usijengwe milele, uwekewe lango, na funguo zake akae nazo mtunza bustani. Ilieleza kwamba, kwa kuwa mtu mmoja ameweza kufanya haya yote kwa mikono yake, Idara haina kazi tena na imevunjwa. Na kwa kuwa taarifa ilitaja miti elfu tisa mia sita na arobaini na Mkaguzi akaona mia mbili na kumi na saba, Mchungaji amepangiwa kituo kipya ambako kanisa lina eneo kubwa la mawe lisilo na hata mti mmoja, ili akaipande ile elfu tisa mia nne ishirini na tatu iliyobaki. Apande mwenyewe, kama alivyozoea, alfajiri, kabla ya sala. Katibu ataambatana naye kubeba maji.

Waumini wakapiga makofi. Mumewe Mama Miche alipiga akiwa amesimama, goti na yote.

Siku moja kabla ya kuondoka, Mchungaji alipanda mteremko peke yake, bila joho, bila faili. Alimkuta Mama Miche akipalilia. Alizunguka mti mmoja, akarudi, akakohoa.

"Mama Miche, kuna jambo nataka kuuliza. Libaki kati yetu."

"Sema, Baba."

"Hivi mti unapandwaje?"

Mama Miche hakucheka. Alifuta mikono, akampa jembe, akamwonyesha mahali. "Piga magoti kwanza, uondoe mawe."

Alitafuta kitu cha kuwekea magoti, akakosa, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kitambaa. Aliondoa mawe. Akasimama, akachimba mara tano, akapumua kwa nguvu, akauliza achimbe mpaka wapi.

"Chimba tu," alisema Mama Miche, akakaa kivulini karibu na mumewe na kufungua chupa ya chai. "Likitosha nitakwambia."

Wakamiminiana, wakanywa kikombe cha kwanza, wakamimina cha pili. Mchungaji alikuwa bado anachimba.