Kadi ya Sauti na Mama Mchungaji

Alhamisi, 13 Juni 2024
Nimeipata! Sokoni Kongowea, chini ya rundo la vyuma: kadi ya sauti ya kompyuta za zamani, zile za kisogo kirefu. Ina kitufe cha 3D. Ukikiwasha, muziki unatanuka, spika mbili unazisikia kama kumi. Jumapili kwaya yetu ya Mikindani inazindua albamu, na Mchungaji Tinga amesema atakayepiga muziki vizuri ndiye mkuu wa mitambo wa kudumu. Mpinzani wangu ni Lenox, mtu wa bara, na laptopu yake. Maskini Lenox!

Ijumaa, 14 Juni
Nimeijaribu kwa ngoma tupu. Lo! Jirani yangu Mwanatatu alitoka na mwiko mkononi, akauliza harusi ya nani. Nikamwambia ni mimi na kompyuta. Akarudi kwenye wali wake. Hana masikio yule.

Jumamosi, 15 Juni
Lenox kaja kunishauri. Ati kitufe changu hukuza sauti za pembeni na kumeza ya katikati, na mwimbaji hurekodiwa katikati. Ati nijaribu kwanza wimbo wenye mtu anayeimba. Wivu mtupu! Nimeongeza 3D hadi mwisho.

Jumapili, 16 Juni
Aibu, aibu! Siku ya uzinduzi, kila mtu anajua, CD ndiyo inayoimba. Kwaya hufungua vinywa na kucheza. Kila mtu anajua ila hakuna asemaye. Mwimbaji mkuu ni Mama Mchungaji, Bi. Margret: kitenge kipya, maikrofoni isiyo na betri. Nikabonyeza. Kinanda kikanguruma, ngoma zikafika barabarani. Mama akafungua kinywa. Kimya! Akafungua zaidi. Vigelegele vikakatika. Bi. Nyamvula, kiti cha mbele, nadhani yeye peke yake hakujua, akauliza kwa sauti kama Mama ni mgonjwa au ametudanganya miaka yote hii.

Mama akaona afadhali aimbe mwenyewe. Wallahi, bora angenyamaza. Hapo Lenox akaruka, akazima 3D, sauti ya CD ikarudi. Basi wakawa Mama wawili, kila mmoja na njia yake. Lenox ndiye mkuu wa mitambo. Mimi nimepewa kupanga viti.

Jumanne, 18 Juni
Nimeligundua kosa. Si kadi. Ni Mama, sauti yake nyembamba mno. Sauti ya mwanamume haimezeki.

Na bahati hiyo! Jumamosi ni kuvunja matanga ya Mzee Randu kule Shika Adabu. Marehemu alijirekodi akigawa shamba la minazi kwa watoto wake tisa wa mama watatu. Ngumbao, mwanawe mkubwa, amenisihi kila neno lisikike, maana wameanza kunoa mapanga. Nimemwambia atulie, kazi imepata fundi.

Nitaweka 3D hadi mwisho.