Kibali cha Jedwali la Saba

Kuanzia mwanzo wa muhula, ilitangazwa, hakuna mtoto atakayejifunza somo lolote pasipo kuimba, na hakuna mtoto atakayeimba chochote pasipo kibali. Hisabati itaimbwa. Sayansi itaimbwa. Jiografia itaimbwa kwa makofi, isipokuwa milima, ambayo itapigiwa mluzi. Waraka ulikuwa na kurasa thelathini na moja, mihuri minne, na sahihi ya mtu aliyeitwa Kaimu.

Alikuwa na jina lake, ila lilishapotea. Miaka tisa mizima alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Sauti na Ujifunzaji, na watu wakachoka kutaja cheo kizima. Hata mkewe nyumbani alimwita hivyo: "Kaimu, chakula tayari." Ilimuuma, jamani. Mtu anakaimu mpaka anaota mvi! Wenzake aliosoma nao walishathibitishwa, wakapewa ofisi zenye zulia na choo cha ndani, yeye bado anapanga foleni kwenye choo cha korido. Kwa hiyo usidhani waraka ule ulikuwa karatasi tu. Ndio ungemthibitisha, au angestaafu anakaimu.

Wazo lenyewe halikuwa lake, ila tusimwonee, hakuna aliyemuuliza. Lilikuwa la mwalimu mmoja wa darasa la tatu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa na watoto sitini na wawili katika chumba cha watoto thelathini. Vitabu vitano. Madirisha hayana vioo. Alipoona hata chaki inakuja kwa mgawo, akaamua kuwaimbisha. Wakaimba mifupa ya mwili, wakaimba safari ya maji kutoka mawinguni mpaka kisimani, wakaimba majedwali yote huku wakipiga madawati. Mtoto aliyekuwa hajui mbili na mbili akatoka pale anajua saba mara tisa, tena anaisema huku anacheza. Kaimu alipita siku moja kukagua vyoo, akasikia, akasimama. Kesho yake alikuwa ameshaandika barua kwa Katibu Mkuu kwamba amebuni mbinu mpya.

Sasa kitu kikishabuniwa na wakubwa hakiachwi kiende hivi hivi. Ikaundwa Kamati ya Uidhinishaji wa Nyimbo, wajumbe saba, na kati yao hakuna hata mmoja anayeweza kushika sauti. Mwalimu akaambiwa anyamaze mpaka wimbo wake upate kibali. Wiki saba darasa lile lilikaa kimya, watoto wanatazama ubao usio na chaki, huku wajumbe wakijadili mambo kama haya:

*Saba mara moja, saba, twende kwa baba,*
*saba mara mbili, kumi na nne, njoo nikuone,*
*saba mara tatu, ishirini na moja, simama ngoja.*

Mjumbe mmoja alitaka kujua kwa nini waende kwa baba, mama ana kosa gani. Mwingine alisema "njoo nikuone" ni miadi, na miadi hupangwa na katibu muhtasi. Wa tatu alisinzia, na kumbukumbu zikaandika kwamba aliunga mkono. Maoni yote yaliandikwa kwenye faili, chini ya wimbo, kama ilivyo desturi ya maofisi: mmoja anaandika dokezo, mwenzake anamjibu chini yake, faili linanenepa. Mwishowe maoni ya wajumbe yakatupwa yote, yakabaki mashairi, dokezo moja la Kaimu mwenyewe, na jibu la Katibu Mkuu, maneno mawili tu.

Kaimu akamrushia mchapaji faili.

"Chapa kama lilivyo."

"Lote, bosi?"

"Wewe kazi yako kusoma au kuchapa?"

Mchapaji akachapa kama lilivyo. Kaimu akatia sahihi, simu imebanwa begani, wala hakutazama. Kisha akaongeza kwa mkono wake: *Uimbwe neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.* Alimshuku sana yule mwalimu. Watu wenye kipaji, alisema, hawana nidhamu.

Siku mbili baadaye mwalimu akapiga simu.

"Shikamoo mkuu. Kibali nimekipata. Ila kuna maneno huku chini, sijui kama nayo ni ya wimbo."

"Marahaba. Yana muhuri?"

"Yana muhuri."

"Basi ni ya wimbo."

"Lakini mkuu, yanamtaja Mheshimiwa Waziri."

"Sasa ulitaka atajwe nani? Si ndiye mgeni rasmi wa uzinduzi?"

"Yanamtaja kwa namna ambayo..."

"Mwalimu!" Kaimu alisimama, ingawa ofisini alikuwa peke yake. "Kamati imekaa wiki saba. Wewe na kipande chako cha chaki ndio mtusahihishe? Acha neno moja tu uone. Darasa hilo utalichungulia dirishani kama mpita njia. Umenielewa?"

Darasa lile ndilo lililokuwa maisha ya mwalimu.

"Nimekuelewa, mkuu," alisema, kwa upole mno. "Tutaimba lote."

"Tena kwa furaha."

"Na makofi tutapiga."

Siku ya uzinduzi uwanja wa shule ulifagiwa tangu alfajiri mpaka mawe yakatokeza. Wakubwa walipangiwa makochi chini ya turubai, wazazi wakapangiwa jua. Mheshimiwa alifika saa nne badala ya saa mbili, mtu mnene mwenye bashasha, akapungia mkono kila kitu, pamoja na mlingoti wa bendera. Alipokwisha kukaa akamwinamia Kaimu.

"Vijana wakinifurahisha, barua yako ya kuthibitishwa naisaini leo leo, juu ya goti."

Kaimu alitaka kulia. Miaka tisa! Aliona zulia. Aliona choo.

Watoto wakatoka, sitini na wawili, pande mbili, madawati mbele yao. Mwalimu akainua mkono na madawati yakaanza kulia. Loo, walikuwa na kiu ya kuimba wale watoto, baada ya wiki zile zote za kufungwa midomo! Wakaenda kwa baba, wakasimama wakangoja, wakapita mara nne, wakafika mara tano. Mheshimiwa alikuwa anapiga mguu chini. Ndipo upande wa kulia, bila kupumzika, kwa mdundo ule ule, ukaendelea:

*Nashauri jedwali liishie mara tano!*
*Mheshimiwa akiulizwa mara sita atatuaibisha!*
*Juzi kashindwa kuhesabu viti vya wageni!*

Na upande wa kushoto ukajibu kwa makofi:

*Nakubaliana! Usimwambie!*
*Nakubaliana! Usimwambie!*

Kaimu alihisi soksi zinalowa. Alimtazama mwalimu, na mwalimu alikuwa amekishika kibali wazi kifuani, kidole kikifuata maneno, hapunguzi wala haongezi. Lakini Mheshimiwa, ambaye husikia ngoma kwanza na maneno baadaye, alikuwa ameshainuka. Akanyakua kipaza sauti, akatikisa mabega, akaitikia na watoto: "Nakubaliana! Usimwambie!" Mara tatu akaitikia, kwa raha zake. Mara ya nne mkono ukabaki hewani.

"Usimwambie nani?"

Watoto wale walikuwa wamefundishwa kumjibu mgeni kwa sauti kubwa na kwa pamoja.

"Wewe, Mheshimiwa!"

Kule juani mama mmoja akaficha uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mtu mwenye akili timamu angekaa chini, akanywa maji. Mheshimiwa hakukaa.

"Mimi? Mimi nisijue saba mara sita?" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Saba mara sita ni..."

Akamtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akatazama viatu vyake. Akamtazama Kaimu, naye Kaimu akafungua mdomo, akagundua kwamba hata yeye anaishia mara tano. Nyuma yao Kamati nzima ilikuwa imeweka mikono chini ya meza, inahesabu vidole. Mheshimiwa akamgeukia binti mdogo wa mstari wa mbele.

"Haya, wewe. Unajua?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Sema basi!"

"Siruhusiwi. Kibali kinaishia mara tano."

Hapo Mheshimiwa akaweka kipaza sauti chini ili vidole vyote kumi vipatikane, na wazazi, ambao hawakuwa wamepewa hata kiti, wakapata cha kutazama. Alipojaribu thelathini na tisa hakuna aliyejizuia tena.

Barua ilisainiwa siku ile ile, juu ya goti, ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kaimu aliisoma amesimama kwenye vumbi la tairi. Amethibitishwa! Si kaimu tena. Kwa mamlaka aliyopewa, Mheshimiwa amemteua kuwa Msomaji wa Marufuku, cheo kipya, hakina ofisi. Wimbo ule umepigwa marufuku kote, na kwa kuwa mtoto hawezi kukatazwa kitu asichokijua, Msomaji atapita kila shule na kuwasomea watoto wimbo uliokatazwa, wote, hadharani, mara tatu. Atashika cheo hicho mpaka ithibitike kwamba hakuna mtoto hata mmoja anayeukumbuka. Mwalimu hakutajwa. Alikuwa amefuata maelekezo.

Jumatatu Msomaji wa Marufuku alisimama mbele ya watoto mia nane wa shule ya mbali, ambao hawakuwahi kuusikia. Alisoma kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya stoo. Kwenye mara mbili dawati moja lilianza kugongwa nyuma kabisa. Kwenye mara nne yaligongwa yote. Alipofika kwenye dokezo lake mwenyewe aliinua karatasi ikamfunika uso, akasoma, na watoto wakapokea jibu la Katibu Mkuu kabla hajalimaliza.

Alipofunga karatasi wakapiga kelele arudie.

Akarudia. Bado mara moja.