Ombi la Kurudishiwa Mikono Yangu

Ghorofa ya juu, chumba cha nyuma ya pazia,
Mji wa Kale, Mombasa.
Jumatano, baada ya alasiri.

Kwa Bi Ruweida binti Ubaid,
Mkurugenzi, Dirishani Mikate na Vitamu,
Ghorofa ya chini, jikoni.

Mwanangu mpendwa na Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Huku juu sote tu wazima, nami natumai huko chini mu wazima pia, maana nawasikia mkicheka. Utashangaa kupata barua kutoka kwa shangazi yako ambaye umempelekea chai leo asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kulalamika kwa mdomo wewe hunikumbatia, na mtu akikumbatiwa hoja zake humponyoka. Tafadhali isome umeketi, na simu umpe Auma akushikie.

Kwanza nakubali kwamba kazi imefaulu. Ulipoanza kuuza mahamri, vileja na boflo tamu kwenye dirisha la jikoni, wateja wako walikuwa jirani zetu na paka wao. Kisha mpangaji wetu Auma, huyu wa ofisi za reli, akakwambia kwamba watu siku hizi hununua kwa macho. Mkaanza hizo video fupi: unga unakandwa, hamri linavimba mafutani, linapasuliwa moshi unatoka, na chini mmeandika namba ya kuagizia. Sasa makarani wa Kilindini huagiza kabla hawajaketi, na tuktuk za Makadara hupanga foleni kichochoroni hata baba yako akienda msikitini hupita ubavu ubavu. Nafurahi, wallahi nafurahi. Malalamiko yangu ni kuhusu mikono.

1. Mikono ile ni yangu. Hakuna aliyebisha, lakini nalitaja ili liwe rasmi. Mikono yako wewe ina makovu ya oveni, na kucha umezitafuna tangu utotoni. Ukaniomba nikuazime yangu kwa siku moja tu, na kwa kuwa uso wangu hautatoka nikaona hapana ubaya. Hakuna aliyeniambia kwamba mikono nayo hujulikana. Siku hiyo moja mpaka leo haijaisha.

2. Sokoni sina raha tena. Nimevaa buibui na nikabu umri wangu wote, na faida yake moja ambayo hatuitangazi ni kubishana bei. Mtu huweza kumwambia mwuza viungo maneno yoyote, na kesho akarudi kama mgeni. Juzi nilinyoosha mkono kuchagua iliki kwa Menza. Akautazama, akatabasamu, akasema, "Mama wa mahamri, hata nawe wabishana kwa iliki?" Wanawake wote wakageuka kuutazama mkono wangu. Nililipa bei ya kwanza aliyoitaja. Mimi, Mwanaesha, nililipa bei ya kwanza na nikasema ahsante. Nilirudi nyumbani nikajilaza.

3. Nimenyimwa haki ya kufanya kazi. Umenikataza kukuna nazi, kupara samaki na kusugua masufuria, ati ngozi itaharibika kabla ya video ya Ijumaa. Nikadhani basi nitapumulia kwa watu. Kwenye harusi ya jirani nilipokaa na wenzangu kumenya vitunguu, walininyang'anya kisu. Wakaniketisha juu ya mto, mikono mapajani, kama biharusi, wakaniletea sahani ya kaimati nisizile, nizishike tu wapate kupiga picha. Niliketi pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikiwaonea wivu wanaotokwa machozi ya vitunguu.

4. Naitwa binti. Auma hunisomea maoni ya watazamaji kila jioni, kwa nia njema kabisa. Mmoja aandika mashaallah, mwingine auliza ni binti wa nani huyu, wa tatu adai amesoma naye. Kosa ni la hina. Wewe ulisema unga huonekana safi kwenye mkono usio na hina, nami sijapaka tangu alipofariki mume wangu, kwa kuwa kwetu hina na nakshi nyeusi za piko ni pambo la mwenye mume. Msichana hapaki na mjane hapaki. Watu wote hao wakautazama mkono mtupu, wakaamua ni wa msichana. Hakuna aliyekumbuka kwamba wajane nasi tupo. Nilicheka pamoja na Auma, lakini niliporudi chumbani kwangu nilisikitika.

5. Sasa naja kwenye kubwa, ambalo wewe walijua, lakini malalamiko hayatimii bila maelezo. Bi Mahira wa Bondeni, dada yake Mzee Jamaldin aliyekuwa karani bandarini kabla ya kustaafu, alituma salamu kwamba anakuja na posa ya nduguye, na anayeposwa ni mwenye mikono. Nyumba ikapagawa. Baba yako alikunja uso kwa sababu Mzee Jamaldin ana wajukuu, akasema atakataa kwa adabu, ila mgeni lazima apokewe. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, hata mimi. Mikono imeposwa, na mwari wa nyumba ni wewe. Tukakuvika, tukakufukiza udi, wewe ukiapa kwamba utatorokea dirishani pamoja na vileja. Tukakupeleka sebuleni. Bi Mahira akaishika mikono yako, akaigeuza, akakupa pole kwa makovu, akasema, "Sio hii, mwanangu."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kahawa, mahali pa shangazi. Nikapenyeza mkono na sinia. Mkono tu. Bi Mahira akaukamata palepale, vikombe vikalia, akasema, "Ndio huu. Ndugu yangu alisema ni mkono wa mtu mzima."

Baba yako alikohoa mpaka akapewa maji. Wewe ulicheka hata ukakaa chini na udi wako wote. Nataka kukukumbusha, Mheshimiwa Mkurugenzi, kwamba ile ilikuwa posa na mkono ule bado ulikuwa umebeba kahawa ya moto.

6. Lililoniudhi kuliko yote ni sababu aliyoitoa huyo mzee. Ati ametazama video zako zote, naye ni mgane, na alijua tangu ile ya kwanza. Msichana, kasema, hukanda kwa haraka ya kwenda kwingine. Huyu akimaliza huufunika unga kwa kanga, kisha huupigapiga taratibu kama abembelezaye mtoto, na marehemu mkewe alikuwa akifanya hivyo hivyo. Mimi sikujua kwamba nafanya hivyo. Nimeishi na mikono hii miaka yote, kisha mwanamume wa Bondeni, tena kwa simu, ndiye wa kunieleza habari zake. Nauliza kwa heshima: nani alimpa ruhusa ya kunijua? Nilivaa nikabu, nikafunga madirisha, nikasimama nyuma ya pazia, na bado ameniona. Tangu siku ile nikikanda, mkono husita juu ya kanga, haujui upige au usipige. Mahamri ya jana hayakuvimba, nawe uliniuliza kama hamira imekufa. Hamira ni nzima. Mimi ndimi niliyevurugika.

Kwa hivyo naomba video zote zifutwe, hata ile ya boflo iliyowapagawisha Kilindini. Mikono yangu irudishwe kwenye nazi na samaki. Utumie yako ukiivisha glavu, au ya Auma, au ya baba yako, ambaye ana vidole vizuri na anavificha mifukoni. Naye Bi Mahira, anayekuja Ijumaa kuchukua jibu, aambiwe kwamba mwenye mikono amesafiri kwenda Lamu, na ameichukua yote miwili. Nimemwomba baba yako aikatae posa yeye kwa niaba yangu, lakini kila nikimwuliza husema, "Amri ni yako, dada," jambo ambalo halinisaidii hata kidogo.

Yasipotekelezwa haya, nitagoma. Nitajipaka hina na piko kutoka kucha hadi kiwiko, kisha tuone utapiga video ya unga gani.

Nisalimie mamako, nisalimie Auma, na wale vijana wa tuktuk wote mpaka wa mwisho kwenye foleni. Ukipita sokoni nisalimie Menza, umwambie iliki yake ilikuwa na vumbi. Wape salamu makarani wa Kilindini kila mmoja na agizo lake, na paka pia, ambao walikuwa wateja kabla yao.

Ni mimi, shangazi yako niliyedhulumiwa,
Mwanaesha binti Mzamil,
Mwenye Mikono.

Tanbihi: Nimeteremka kuileta barua hii nikakuta umetoka, na unga uko mezani umefunikwa kwa kanga. Kabla sijafikiri nilikuwa nishaupigapiga, na umeumuka vizuri. Basi usifute kitu, hasa ile video ya kwanza, maana Bi Mahira asema nduguye huitazama kila akinywa kahawa. Mwambie baba yako Ijumaa asitaje Lamu. Bondeni nako kuna jiko, na Auma aweza kuja huko na simu yake. Ukirudi, pitia dukani uninunulie hina, ile nzuri. Si ya mgomo.